UZI: Kuhamia Ujerumani kihalali, viza gani na kibali gani, tuambizane ukweli kabla hujauza kiwanja

mtu_wa_zamu:
Wakuu salamu. Humu ndani mimi ni msomaji wa kimya kimya miaka mingi, ila kwa wiki hizi mbili inbox imejaa watu wanauliza kitu kimoja, Ujerumani naingiaje, na ukiwachimba unakuta kila mmoja ameshatajiwa bei. Kuna aliyetajiwa milioni 9 apate viza ya kazi "ya moja kwa moja", mwingine kaambiwa auze kiwanja chake cha Chanika fasta maana nafasi zimebaki mbili. Nikaona bora nifungue uzi nimwage ninachokijua, mlioko huku mnirekebishe nikiteleza.

Kunihusu kwa ufupi. Nilitoka Moshi 2017 kwa programu ya kujitolea, kanisa letu lina uhusiano na kanisa la huku, mwaka mzima nilikuwa kwenye nyumba ya wazee huku jimbo la Sachsen, kulisha bibi zangu supu, kuwasukuma kwenye wheelchair, kucheza nao karata. Baadae nikaingia Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, ya uuguzi miaka mitatu, nikamaliza, sa hivi ni nesi na nina kibali cha kudumu. Sikupitia kwa ajenti. Ajenti nilishawahi kumpa hela kabla, 2015, ilikuwa nchi nyingine kabisa, laki nane zikaenda na simu ikazimwa, mpaka leo bi mkubwa akiona mtu kavaa suti na kabeba begi la laptopu anacheka peke yake.

Kitu ambacho wengi hawakielewi ni kwamba hakuna viza inaitwa "viza ya kwenda Ujerumani". Ubalozi hauna haja ya kujua unataka kuja kiasi gani, unauliza mambo mawili tu, unakuja kufanya nini, na nani atakulisha ukifika. Ukiwa na jibu la hayo mawili lenye karatasi nyuma yake umemaliza sehemu kubwa. Kwaiyo usianze na "viza", anza na unakuja kufanya nini.

Milango yenyewe. Kama hujafika miaka 27 kuna au pair, unakaa na familia unasaidia watoto, masaa hayazidi 30 kwa wiki, chumba na msosi bure, bima wanalipa wao, pocket money yuro 280 kwa mwezi, Kijerumani A1 (ngazi ya chini kabisa ya lugha, zinapanda A1, A2, B1, B2, C1 mpaka C2), mwisho mwaka mmoja. Kuna ya kujitolea kama niliyokuja nayo mimi, nayo ni mwaka au mwaka na nusu, hela kidogo, ila unajifunza lugha na unajulikana. Kuna Ausbildung, yaani kusomea ufundi au fani huku unalipwa, nitairudia maana ndio moyo wa uzi huu. Kuna masomo ya chuo. Kuna viza ya kazi kwa mwenye fani yake tayari na mkataba mkononi. Kuna Chancenkarte, ile ya pointi iliyoanza tarehe 1 Juni 2024, unakuja kutafuta kazi ukiwa huku. Na kuna ya familia, mume au mke yuko huku anakuita, nayo A1 inahusika kwa wengi.

Hiyo ya familia siongei sana, ndoa za watu siziingilii.

Ausbildung sasa. Unapata mkataba na mwajiri, mfano hospitali, nyumba ya wazee, hoteli, bekari, kampuni ya umeme, unasoma darasani na unafanya kazi kwao kwa zamu, kwa kawaida miaka mitatu. Uuguzi kwenye taasisi za umma mwaka wa kwanza analipwa zaidi ya yuro 1,300 kabla ya makato. Sio utajiri, ila huhitaji mjomba wa kukudhamini wala milioni 30 kwenye akaunti kama mshahara unatosha kukulisha. Viza inataka B1 ya Kijerumani, na kwa uuguzi waajiri wengi wanasema B2, na wana haki, bibi wa miaka 91 akikwambia kifua kinambana kwa lafudhi ya kijijini Sachsen huwezi kumwambia subiri nifungue simu nitafsiri.

Ukimaliza Ausbildung na ukifanya kazi miaka miwili kwenye fani hiyo, unaomba kibali cha kudumu, mradi umechangia pensheni na lugha iko sawa. Mimi ndo nilivopita humo.

Karibuni kwa maswali, matusi pelekeni jukwaa la siasa.

kijana_wa_ubungo:
Mkuu umetisha, shusha nondo zaidi. Mimi nina miaka 29, digrii ya TEHAMA, nimefanya kazi miaka mitatu tangu nimalize, Kijerumani sijui hata salamu, Kiingereza kawaida tu cha kazini. Hiyo Chancenkarte nafaa?

mpiga_hesabu:
Unafaa dogo. Inataka pointi 6. Umri chini ya 35 pointi 2, uzoefu pointi 2, Kiingereza 1, fani yenye upungufu wa wafanyakazi 1. Sita hizo. Panda ndege.

mtu_wa_zamu:
@mpiga_hesabu ngoja kwanza usimpandishe mtu ndege. Pointi ya Kiingereza haitolewi kwa Kiingereza cha "kawaida tu", ni C1 yenye cheti, mfano alama 7 kwenye mtihani wa Kiingereza wa IELTS. Kaka yetu hapo juu kasema kawaida. Kwaiyo umri 2, uzoefu 2 (miaka miwili ndani ya mitano iliyopita, na uwe wa fani ile ile uliyosomea na uwe umefanya baada ya kuhitimu, sio field ya chuoni), TEHAMA ipo kwenye fani zenye upungufu 1. Jumla 5. Amebakiza moja.

Na hiyo moja iko pale Goethe Upanga, wanakofundisha Kijerumani. A2 ya Kijerumani ni pointi 1, B1 ni 2, B2 ni 3. Akikomaa miezi kadhaa kapita bila kubahatisha.

Ila kabla hata ya kuhesabu pointi kuna vitu lazima viwepo, ndo watu wengi wanaanguka hapa. Cheti chako kitambulike na serikali ya nchi uliyosomea, kiwe digrii au mafunzo ya fani yasiyopungua miaka miwili. Kwa digrii unaingia kwenye databesi yao inaitwa anabin unaangalia chuo chako kama kimewekwa H+, yaani kinatambulika, na kozi yako imekaaje, kama haieleweki unaomba tathmini ya cheti kwa ofisi yao ya elimu ya kigeni, ZAB, ni yuro 208. Pili, lugha ya chini kabisa ni A1 ya Kijerumani au B2 ya Kiingereza, kwa cheti. Tatu hela. Kwa 2025 wanataka yuro 1,091 kwa kila mwezi utakaokaa, ukiomba mwaka mzima ni 13,092 kwenye akaunti inayofungwa, unatoa kidogo kidogo kila mwezi. Kwa madafu ni zaidi ya milioni 35.

kijana_wa_ubungo:
Milioni 35?? Aisee

mpiga_hesabu:
Nimekubali nimerekebishwa. Ila mkuu hela si yako bado, inarudi kwako kila mwezi, sio ada.

mtu_wa_zamu:
Ni yako ndio, ila ujue ukifika utaila. Chumba, bima, usafiri, chakula. Unaruhusiwa kufanya kazi masaa 20 kwa wiki ya aina yoyote, hata kuosha vyombo, na kazi za majaribio wiki mbili mbili kwa mwajiri. Ukiwa umepata mkataba wa hiyo ya masaa 20 kabla hujaja, nao unahesabika kwenye kuonyesha utajilisha vipi.

Maoni yangu binafsi, msinipige mawe. Chancenkarte ni nzuri kwa mtu mwenye akiba YAKE na lugha ya kueleweka. Kama hiyo 35 unakopa kwa ndugu na riba, na unakuja na A1, mwaka unaisha unaosha vyombo tu na kazi ya fani hujapata, kibali kinafika mwisho, unarudi Ubungo na deni. Kazi za fani zinazokubali Kiingereza kitupu zipo kwenye TEHAMA, hasa Berlin na miji mikubwa, ila ushindani wake mnaujua, pale unagombania na dunia nzima.

Kwako wewe wa TEHAMA ningesema piga njia mbili kwa pamoja. Tuma maombi ya kazi ukiwa Dar, ukipata mkataba unaofika kiwango cha mshahara unaenda Blue Card, kibali cha kazi cha wasomi, moja kwa moja, hakuna pointi wala kufungia hela. Kwa 2025 kiwango kilikuwa yuro 48,300 kwa mwaka kabla ya makato, kwa fani zenye upungufu na waliohitimu karibuni kilikuwa 43,759.80. Na Blue Card ndo yenye kasi, kibali cha kudumu baada ya miezi 27, ukiwa na B1 ni miezi 21. Kijerumani tena, mnaona kinavyorudi kila sehemu.

wa_kayole:
Niaje watu ya Bongo, nimepitia tu kusema hii thread iko na maana. Huku Kenya tangu ile mkataba ya kazi ya Ruto na Scholz, chansela wa Ujerumani wa wakati huo, mambo imekuwa wazimu. Kila jengo CBD iko na ofisi ya "German jobs". Si walisema ni kazi 250,000?

msomi_njaa:
@wa_kayole hiyo namba ilikanushwa bro. Mkataba ulisainiwa Berlin tarehe 13 Septemba 2024, ni kweli, unahusu kurahisisha watu wenye ujuzi na wanafunzi, na pia kurudisha Wakenya ambao hawana haki ya kubaki huko. Lakini wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani yenyewe ilitoka ikasema hakuna idadi wala mgao wowote ndani ya mkataba. Kilichokuwepo wakati ule ni majaribio ya madereva wa basi watano walioenda Flensburg. Watano!

wa_kayole:
Watano na mimi cousin yangu alilipa 150k. Walimpatia "job letter" na hiyo barua Berlin imeandikwa Barlin. Alienda nayo hadi embassy pale Riverside, akiwa amevaa tai.

mzamiaji_mstaafu:
😂😂 Barlin

mtu_wa_zamu:
Pole yake sana aisee. Kwa wote wanaosoma, ubalozi hauna ajenti wa kuuza viza. Ada ya viza ya muda mrefu ni yuro 75 unalipa kwa fedha ya nchi yako, basi. Tangu 2025 maombi ya viza za aina hii unayajaza mwenyewe kwenye mtandao, kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya wizara yao ya mambo ya nje, unapakia nyaraka, wanaangalia, ukiwa sawa unapewa siku ya kwenda kutoa alama za vidole na kuonyesha nyaraka halisi. Dar ni pale Umoja House. Sasa huyo wa mjini anakuuzia nini hasa?

Kuna mawakala wa kweli wa kuunganisha manesi na waajiri, sikatai, wapo. Ila wa kweli analipwa na mwajiri. Ukiona wewe ndo unalipa ili upate mkataba, kimbia hata kama ofisi ina AC na picha kubwa ya bendera.

mzamiaji_mstaafu:
Mleta uzi mi naomba niongeze kitu maana naona vijana hapa wanaulizana viza wakati wenzao kitaani wanaambiwa "wewe chukua ya utalii tu, ukifika unajilipua".

Mimi nilijilipua. 2013. Sitasema nilitokea wapi wala mji. Nilikuwa na miaka 22 na akili za miaka 22. Nikaambiwa nenda pale sema unaomba ukimbizi, watakupa nyumba na hela na baada ya mwaka makaratasi. Nyumba ni kweli walinipa, chumba kimoja watu wanne, watatu hatuelewani lugha, mmoja analia usiku. Miezi ya mwanzo huruhusiwi kutoka nje ya wilaya. Kesi yangu ikakataliwa, kwa sababu ukweli ni kwamba sikuwa mkimbizi, nilikuwa kijana wa kawaida aliyetaka maisha. Nikapewa karatasi inaitwa Duldung. Wanaojua Kijerumani wanajua maana yake, kuvumiliwa. Sio kibali cha kuishi. Ni karatasi inayosema tunapaswa kukuondoa ila kwa sasa tumeshindwa, kwaiyo tunakuvumilia. Kila miezi mitatu unarudi ofisi ya wageni kuongezewa kuvumiliwa kwako, usiku wa kuamkia siku hiyo hulali.

Baba alifariki 2016. Sikwenda. Ukitoka hurudi. Nilimzika kwa simu, WhatsApp, mtandao ukawa unakatika pale pale wanapoteremsha jeneza.

Kilichoniokoa ni nini? Ausbildung. Agosti 2016 ilitoka sheria kwamba mtu mwenye Duldung akipata mkataba wa Ausbildung hatolewi miaka mitatu ya kusoma, na akipata kazi kwenye fani hiyo anapewa kibali cha miaka miwili. Nikawa muoka mikate. Naamka saa saba usiku mpaka leo. Wenzangu waliodanganya uraia walikwama, maana bila pasipoti halisi hawakuruhusiwa hata hiyo.

Sasa piga hesabu. Nimezunguka miaka saba kufika pale ambapo mtu mwenye B1 angefika kwa viza yake akiwa na pasipoti mfukoni na ruhusa ya kwenda kumzika baba yake.

binti_pangani:
Kaka yangu pole sana 😢

wa_kayole:
Weuh. Pole boss. Hiyo imeniingia.

mtu_wa_zamu:
Pole mkuu, na asante kwa kuliweka wazi, najua sio rahisi.

Niongeze la kisheria hapo. Viza ya utalii ya Schengen ni siku 90 ndani ya 180 na kwa kawaida haigeuki kuwa kibali cha kazi ukiwa huku, utaambiwa rudi ukaombe kwenu. Na ukiomba ukimbizi ukakataliwa, milango hii ya kazi niliyotaja kwa sehemu kubwa inajifunga mpaka utoke kwanza nje. Kuna dirisha walifungua mwishoni mwa 2023, waombaji ukimbizi wenye fani na kazi waliruhusiwa kufuta maombi yao na kuhamia kibali cha kazi, lakini ni wale tu walioingia kabla ya tarehe 29 Machi 2023. Wewe unayepanga leo halikuhusu, hata akwambie nani. Anayekimbia hatari ya kweli hiyo ni haki yake na siongelei yeye.

msomi_njaa:
Ngoja nichangie upande wa chuo maana mleta uzi kauruka. Niko mwaka wa pili master's, uhandisi.

Vyuo vya umma ada hakuna, unalipa mchango wa muhula tu. Tofauti ni jimbo la Baden-Württemberg, wao wasio wa Ulaya wanalipa yuro 1,500 kwa muhula, na chuo cha TUM pale Munich nacho kimeanza kutoza wageni, elfu 2 hadi 6 kwa muhula. Watu wanaomba TUM kwa jina halafu wanakuja kulia humu. Vyuo vingi unaomba kupitia uni-assist, ofisi inayopokea maombi ya wageni kwa niaba ya vyuo, chuo cha kwanza yuro 75, kila kinachofuata 30, kwaiyo usiombe vyuo kumi na tano kama unacheza bahati nasibu. Ukitoka sekondari tu wengi wanapelekwa Studienkolleg, masomo ya maandalizi, mwaka mmoja kwanza kabla ya digrii. Ukiwa na digrii tayari na unaomba master's hiyo unairuka, ndo maana wengi wetu tunapita hapo, na kuna kozi nyingi za Kiingereza.

Akaunti ya kufungwa kwa mwanafunzi ni 11,904 kwa mwaka. Kazi unaruhusiwa siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka. Mimi niko ghala la vifurushi, zamu ya saa kumi alfajiri, wabongo wa zamani walikuwa wanatuimbia "kubeba maboksi" tukadhani ni mafumbo, kumbe ni maboksi kabisa. Ukimaliza unapewa miezi 18 ya kutafuta kazi ya fani yako.

Kosa langu lilikuwa kuja na Kiingereza tu. Darasani nipo sawa, ila kila tangazo la kazi ya uhandisi ninaloliona linataka B2. Sasa najifunza usiku baada ya maboksi. Ningeanza nikiwa Mbeya kwa bei rahisi.

mpiga_hesabu:
Hivi kwa nini wote mnarudi kwenye Kijerumani tu, kwani hakuna short kati

msomi_njaa:
Shortcut ndo hiyo sasa mkuu. Miezi nane, kumi ya lugha. Mwenzako hapo juu kazunguka miaka saba.

binti_pangani:
Samahanini naomba kuuliza na mimi. Niko Muscat, nafanya kazi za ndani mwaka wa tatu huu. Nina miaka 31, nimeishia fomu foo, divisheni three. Najifunza Kijerumani kwenye simu usiku watoto wakishalala, nimefika kama A1 hivi, namwelewa yule mama wa kwenye video anaongea polepole. Je, mimi umri umeshanitupa? Na naweza kuombea huku huku au mpaka nirudi Tanga?

mtu_wa_zamu:
Dada yangu umri haujakutupa. Au pair ndio imekupita, hiyo inaishia kabla ya 27. Lakini Ausbildung haina ukomo wa umri kisheria, darasani kwetu alikuwepo mama wa miaka 44 Mvietnamu na ndiye alikuwa anatupiga bao kwenye anatomia. Kuna na viza ya kuja kutafuta Ausbildung ukiwa huku, hiyo ndo mwisho chini ya 35 na inataka B1 na hela ya kujikimu, ila wewe kwa hali yako bora utafute mkataba ukiwa huko huko, interview wanafanya kwa video siku hizi.

Fomu foo ni miaka 11 ya shule, uuguzi unataka miaka 10 ya elimu. Cheti chako kinatafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa na kinatathminiwa na ofisi ya elimu ya jimbo unaloenda, majimbo hayafanani, jimbo moja linaweza kukikubali juu na lingine chini, kwaiyo mwajiri akikuuliza mwambie ukweli na umtumie nakala mapema. Kuna pia Ausbildung ya msaidizi wa uuguzi ya muda mfupi zaidi, wengine wanaanzia hapo kisha wanapanda.

Kuombea Muscat inawezekana, unaomba kwenye ubalozi wa mahali unapoishi kihalali. Ila uwe na kibali cha ukaazi cha Oman kilicho hai na pasipoti iwe mkononi mwako, sio kwenye kabati la mtu. Hilo litazame mapema sana kabla ya kitu kingine, unanielewa. Na mtihani wa lugha fanya unaotambulika, Goethe, telc au ÖSD, cheti cha apu ya simu hakihesabiki hata kama kina nyota.

binti_pangani:
Nimekuelewa kaka. Pasipoti ninayo mimi, tajiri wangu si mbaya. Asante sana, Mungu akuzidishie.

mzamiaji_mstaafu:
Dada uokaji pia upo, wanatafuta watu kwa tochi. Shida ni kuamka tu.

wa_kayole:
Na passport ya huko? Ukishakaa sana.

mtu_wa_zamu:
Uraia ni baada ya miaka 5 ya kuishi kihalali, unajitegemea, B1, na mtihani wa uraia. Ile ya miaka mitatu ya waliojichanganya haraka waliifuta mwaka 2025. Wajerumani wenyewe tangu tarehe 27 Juni 2024 wanaruhusu uraia pacha kwa wote, na nyie Wakenya katiba yenu ya 2010 inawaruhusu, kwaiyo mko peponi. Sisi wabongo bado, mtu mzima akichukua wa kwao wa kwetu umekwenda. Ndo maana mimi nimeishia kwenye kibali cha kudumu, nina kihamba, shamba la ukoo, Kibosho, siwezi kuingia kwetu kama mtalii.

wa_kayole:
Hapo mmebebwa ufala na serikali yenu pole 😂

kijana_wa_ubungo:
Mkuu swali la mwisho, ukinyimwa viza unakata rufaa wapi?

mtu_wa_zamu:
Zamani ulikuwa unaandika barua ya kupinga kwa ubalozi wenyewe bure, wanaangalia upya. Hiyo imefutwa tangu tarehe 1 Julai 2025. Sasa ni ama uombe upya ukiwa umerekebisha kilichokuangusha, au ukafungue kesi mahakama ya utawala Berlin, na kesi ni hela na muda. Kwaiyo lile ombi la kwanza litengeneze vizuri. Usiweke karatasi yenye mashaka hata moja. Na barua ya kueleza kwa nini unakuja iandike MWENYEWE, maana utakapoitwa watakuuliza yaliyomo, kuna dada alinakili ya mtu mtandaoni akaulizwa kuhusu "uzoefu wako wa kutunza farasi" akabaki anatoa macho.

Na ukifanikiwa ukafika, viza unayoingia nayo ni ya muda mfupi tu, miezi kadhaa. Ndani ya wiki mbili tangu upate pa kukaa unajiandikisha manispaa, bila ile karatasi hufungui benki wala hupati namba ya kodi. Halafu ofisi ya wageni uombe miadi MAPEMA kwa ajili ya kadi yenyewe ya kibali, miji mingine miadi ni miezi. Cha msingi ombi liwe limeingia kabla viza haijaisha, ukichelewa kwa sababu yao wanakupa karatasi ya muda inayoonyesha uko halali. Itunze kama mboni, ukisafiri hakikisha aina uliyopewa inakuruhusu kurudi.

Naingia zamu ya usiku wakuu, maswali mengine keshokutwa.

kijana_wa_ubungo:
Mrejesho wakuu. Leo nimepita Upanga nimeulizia, nimeambiwa darasa jipya la A1. Nimelipia. Mwenye kitabu cha zamani asitupe ani-PM.

mpiga_hesabu:
Na mimi nitafutie, viwili.